Gari Halina Kodi, Mlango Una Mwenyewe

Hoja iliyo mezani ni hii. Dereva wa vifurushi katika mji wa Reading, Uingereza, anapiga rivasi kwenye mtaa mwembamba wa nyumba zilizobanana, na kona ya gari lake inaingia ubavuni mwa Vauxhall Corsa iliyoegeshwa kando ya njia. Mlango unabonyea, rangi inaparuzika, kioo cha pembeni kinabaki kikining'inia kwenye waya. Mwenye gari hayupo. Dereva anatoa simu, anaingiza namba za Corsa kwenye tovuti ya serikali, na jibu linarudi papo hapo: gari hili halijalipiwa kodi ya barabara, na ni mwezi wa pili sasa. Anavuta pumzi, anapanda garini, anaendelea na vifurushi vyake.

Katika vikao vya Waswahili wa Uingereza suala kama hili haliishi kwa jibu moja, kwa hiyo nimewaachia watu wanne walipiganie. Nimewapa majina wanayoitana wenyewe. Shemeji ndiye aliyegonga. Mjomba aliendesha malori kati ya Tanga na Dar es Salaam kabla ya kuhamia huku. Binti, mpwa wake, anapokea madai katika kampuni ya bima. Mama Mkubwa ana kigari anachokitoa mara moja kwa wiki kwenda sokoni. Ni Jumapili, saa saba mchana, na pilau imekwisha liwa.

SHEMEJI: Sikatai kwamba nimegonga. Ninachouliza ni kimoja: gari lile lilikuwa na haki gani ya kuwa pale? Sheria ya nchi hii inasema gari lisilo na kodi lisikae barabarani hata kama limezimwa. Lingetii sheria lingekuwa uani kwao, nami ningepita salama.

MJOMBA: Umenena. Kule nyumbani enzi zetu, ukikutwa huna stika ya rodi laiseni kwenye kioo, trafiki hakusikilizi hata salamu. Leo mtu hajalipa, kalitupa gari njiani, halafu wewe unayelipa ndiye utengeneze lake?

BINTI: Mjomba, sheria anayoitaja Shemeji ipo kweli. Ni ya mwaka 1994, kifungu cha 29: ni kosa kulitumia au hata kuliweka tu kwenye barabara ya umma gari lisilolipiwa kodi. Lakini kosa hilo ni la mwenye Corsa na serikali. Kuna ofisi Swansea, DVLA, kazi yake ndiyo hiyo. Inamtumia barua ya faini ya pauni 80, akilipa mapema zinakuwa 40. Ikilikuta gari barabarani inalifunga mnyororo, na kulifungua ni pauni 100. Kama hana uthibitisho kwamba kodi imelipwa, anaweka na amana ya pauni 160 juu yake. Adhabu zimeandikwa zote. Kubonyezewa mlango na mpita njia haimo.

SHEMEJI: Lakini lisingekuwepo nisingeligonga.

BINTI: Hata lililolipiwa lisingekuwepo kama mwenyewe angekwenda nalo kazini. Shemeji, kodi ikilipwa, mlango unakuwa mgumu zaidi? Gari linasogea lenyewe kukupisha? Kilichoubonya mlango ni rivasi yako, na ungerudi nyuma vilevile kama kodi ingekuwa imelipwa mpaka mwakani.

Hapa niingilie, kwa sababu hoja ya Shemeji ina mguu mmoja imara na Binti aliuruka. Mwenye gari lililoegeshwa anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama. Tangu sheria ya mwaka 1945 inayohusu uzembe wa pande zote mbili, hakimu wa Uingereza anaweza kupunguza fidia kwa kadiri ambavyo mdai mwenyewe alichangia madhara yake. Gari lililoachwa kwenye kona usiku bila taa, au lililotokeza bampa lake katikati ya njia panda, linaweza kumkatia mwenyewe fungu la fidia. Kinachotazamwa hapo ni namna lilivyosimama. Corsa ya Reading ilikuwa imebana ukingo wa njia kama magari mengine yote ya mtaa ule, mchana kweupe, na Shemeji alipobanwa kwa swali hilo alikiri hivyo bila kutaka.

MJOMBA: Tuache kona na taa. Mimi najua kanuni moja ya wazee wa mahakama: mwenye mikono michafu asije kwa hakimu kudai haki. Huyu mikono yake michafu.

BINTI: Kanuni hiyo ilikuwa kali zamani, Mjomba. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mtu aliyetoa pauni 620,000 zichezewe kwenye bei ya hisa za benki, kwa kutegemea siri za ndani. Mpango mzima ulikuwa haramu. Siri haikuja, kamari haikuchezwa, akadai fedha zake. Mahakama ikaamuru arudishiwe.

MJOMBA: Laki sita na ishirini elfu! Za mpango haramu!

BINTI: Wakasema usimkatalie mtu kwa sababu tu mkono wake umechafuka. Tazama sheria aliyoivunja imewekwa kwa lengo gani, na kumnyima haki yake kunalisaidiaje lengo hilo, na kama adhabu hiyo inalingana na kosa. Kodi ya gari lengo lake ni mapato ya serikali. Nikimnyima mwenye Corsa mlango wake, Hazina imepata senti ngapi?

Mjomba hakujibu, akaomba chai. Binti alikuwa bado na kesi nyingine, nayo iko karibu zaidi na ya Shemeji. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ilimsikiliza mtu ambaye gari lake liligongwa na lori la kampuni ya uchukuzi ya Poland. Gari lake lilikuwa limepitisha zaidi ya miezi minne bila cheti cha ukaguzi wa kila mwaka, kile wanachokiita MOT. Wakati lake likiwa bovu alikodi jingine, na gharama za kukodi zikapita pauni 21,000. Mahakama mbili za chini zilimnyima fedha hizo: gari lako halikuruhusiwa kuwa barabarani, ulikuwa umepoteza nini hata ukodi jingine? Mahakama ya Rufani ikawageuza. Kukosa cheti peke yake hakumfungii mtu mlango wa kudai.

Uamuzi huo una somo la pande mbili, na ni vizuri kutolimeza nusu. Mawakili wa bima wameshughulika miaka mingi na magari ya namna hii kwa sababu ubishi wenyewe upo, hasa kwenye gharama za kukodi gari la muda. Gari la mtu likiwa limekaa nje miezi bila kutumika, hakimu anaweza kuuliza kwa haki kabisa kama mwenyewe alihitaji jingine. Kwenye bati na rangi swali hilo halina pa kushika. Mlango ulikuwa mzima asubuhi, jioni haukuwa mzima.

SHEMEJI: Haya, kodi tuiache. Lakini mtu asiye na kodi ana bima kweli? Asiye na bima atanidai kwa njia gani?

BINTI: Hivyo ni vitabu viwili tofauti. Kodi iko Swansea, bima iko kwenye daftari la pamoja la makampuni. Kodi kuisha hakuiui bima, na watu wengi tu wana hii bila ile. Tuseme hana. Tangu 2011 hilo nalo ni kosa lake, barua ya pauni 100 itamfuata hata gari likiwa limelala tu, labda awe amelitangaza rasmi kwamba liko nje ya barabara. Lakini bima ambayo sheria inamlazimisha kuwa nayo ni ya madhara atakayowafanyia wengine. Hapa aliyefanya madhara ni wewe. Inayolipa ni yako.

MAMA MKUBWA: Na kama hana kampuni ya kumsemea?

BINTI: Anaidai kampuni ya Shemeji moja kwa moja, Mama. Kuna kanuni za mwaka 2002 zinazomruhusu. Anachopoteza ni wepesi: mwenye bima kubwa anapiga simu kwa kampuni yake, gari linakwenda gereji, makampuni yanamalizana yenyewe. Huyu ahangaike mwenyewe na picha, makisio ya fundi bodi, barua. Na Corsa ikiwa ya zamani sana, gharama za kunyoosha zikazidi bei ya gari, atapewa bei ya gari, siyo gharama za fundi.

Mama Mkubwa alikuwa amenyamaza muda wote akichambua ubani wa kuchoma jioni. Kila mtu alimchukulia kuwa yuko upande wa Binti kwa sababu ya udugu. Kumbe alikuwa na lake.

MAMA MKUBWA: Nyie mnamwita mkwepa kodi. Mmemwona? Mimi gari langu nililinunua kwa mtu mstaarabu, akaniambia kodi imelipwa mpaka Machi, kaa kwa raha. Nikakaa kwa raha. Barua ikaja.

BINTI: Kodi haihami na gari, Mama. Zamani kulikuwa na kile kiduara cha karatasi kwenye kioo, kilianza mwaka 1921. Tarehe 1 Oktoba 2014 wakakifuta, na siku hiyohiyo wakaondoa utaratibu wa kodi kumfuata mnunuzi. Gari likiuzwa, muuzaji anarudishiwa miezi iliyobaki, mnunuzi anaanza upya kabla hajaliendesha hata hatua moja.

MAMA MKUBWA: Na kiduara kile kilikuwa kinakukumbusha. Unakiona kila ukikaa kwenye usukani. Sasa kodi iko kwenye kompyuta, mzee kama mimi ataionea wapi? Barua ya kukumbusha ikienda anwani ya zamani, ndiyo basi.

Nakubaliana naye kuliko nilivyotegemea. Magari yasiyo na kodi katika mitaa ya Uingereza hayana hadithi moja. Kuna wakwepaji, wala si wachache. Kuna waliohama nyumba, kuna ambao benki ilikataa kukata fedha mwezi ule, kuna marehemu ambao warithi hawajagusa karatasi. Kuna hata magari ya walemavu na ya kale yaliyozidi miaka 40, ambayo kodi yake ni sifuri, lakini mwenyewe bado anatakiwa kuomba hiyo sifuri kila mwaka. Halafu tangu Aprili 2025 magari ya umeme, yaliyozoea kutolipa chochote, yakaingizwa kwenye orodha. Mengi yao yalianza na pauni 195 kwa mwaka, na wenye nayo walishazoea kutotoa. Jibu la simu la neno moja halikuonyeshi lipi kati ya haya limeegeshwa mbele yako.

MJOMBA: Nyumbani walifanya la akili. Mwaka 2017 serikali ikaifuta rodi laiseni ya kila mwaka, ikaihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita. Unaendesha unalipa, gari limelala hulipi.

SHEMEJI: Ingekuwa hivyo huku nisingekuwa na la kusema.

BINTI: Huna la kusema hata sasa. Ulimwachia karatasi mwenye gari?

Kimya kilichofuata ndicho kilichougeuza mjadala. Mpaka hapo walikuwa wanazungumzia Corsa. Sasa wakaanza kuzungumzia Shemeji.

SHEMEJI: Nilipoona halina kodi nikaona hana wa kumlalamikia.

BINTI: Saa ngapi hiyo?

SHEMEJI: Jana, kama saa tisa alasiri.

BINTI: Sasa hivi saa saba imepita. Shemeji, sikiliza vizuri. Sheria ya barabarani ya mwaka 1988, kifungu cha 170. Ukiharibu gari la mtu unasimama. Unampa jina lako, anwani, namba za gari, na jina la mwenye gari kama si wewe. Hayupo mtu wa kumpa? Unaripoti polisi, wewe mwenyewe, kituoni au kwa askari, mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24.

SHEMEJI: Basi bado nina saa mbili.

BINTI: Saa 24 ni dari, si muda wa kupumzika. Ungeweza kwenda jana jioni, ulipaswa kwenda jana jioni. Na karatasi kwenye kioo, hata ungeiacha, ni ustaarabu mzuri lakini haitoshi peke yake mbele ya kifungu kile. Kutosimama au kutoripoti kuna pointi tano mpaka kumi kwenye leseni, na kifungo kinaweza kufika miezi sita. Linganisha na pauni 80 za mwenye Corsa.

MJOMBA: Kwani nani kamwona?

BINTI: Mtaa ule nusu ya milango ina kengele zenye kamera, Mjomba.

MJOMBA: Basi yamalizwe kiume. Arudi, amtafute mwenyewe, amwambie: ndugu yangu, nimekugonga, lakini najua gari lako halina kodi. Wewe usinidai, mimi sitawapigia DVLA. Kila mtu apone na lake.

Ushauri huu unatolewa kwa nia njema, na anayeutoa hudhani anatafuta suluhu. Mbele ya sheria ya Uingereza una jina baya zaidi kuliko kodi na mlango kwa pamoja. Kumtaka mtu aache haki yake kwa kumtishia kumripoti kunaweza kuangukia kifungu cha 21 cha sheria ya wizi ya mwaka 1968, kile cha kujipatia faida kwa vitisho, ambacho adhabu yake ya juu ni miaka 14. Raia yeyote ana ruhusa ya kuiarifu DVLA kuhusu gari lisilo na kodi, hata bila kutaja jina. Tatizo linaanza pale unapoigeuza ruhusa hiyo kuwa bei.

Kumalizana nje ya bima kwa amani ni jambo jingine, nalo linafanyika kila siku. Shemeji anaweza kumlipa fundi wa mwenye Corsa kwa fedha yake ili asipoteze punguzo alilojijengea kwa miaka ya kutodai chochote, hasa kama kiasi cha kwanza anachotakiwa kutoa mfukoni kwenye bima yake kinakaribia bei ya mlango wenyewe. Mikataba mingi, hata hivyo, inamtaka aiarifu kampuni juu ya ajali yoyote, hata asiyokusudia kuidai. Na wakikubaliana, waandikiane kwamba malipo haya yamemaliza madai yote, la sivyo kioo cha pembeni kitadaiwa mwezi ujao.

MAMA MKUBWA: Mwanangu, na bima yako wewe ikoje?

SHEMEJI: Ninayo, Mama. Bima kubwa. Nalipa kila mwezi.

BINTI: Fungua simu, nisomee palipoandikwa matumizi.

SHEMEJI: Hapa wameandika matumizi binafsi... na kwenda na kurudi kazini.

BINTI: Kazini maana yake sehemu moja unayokwenda na kurudi. Wewe unabeba vifurushi vya watu kwa malipo, nyumba mpaka nyumba. Hiyo ina bima yake, na ni ghali ndiyo maana watu wanaikwepa. Kwa safari ya jana yawezekana hukuwa na bima.

SHEMEJI: Nalipa kila mwezi!

BINTI: Kwa matumizi mengine. Kukutwa bila bima ni pauni 300 na pointi sita papo hapo, au mahakamani zaidi, na gari linaweza kuchukuliwa. Leseni yako ya huku ina muda gani?

SHEMEJI: Mwaka mmoja na miezi.

BINTI: Mwenye leseni ya chini ya miaka miwili akifikisha pointi sita anaipoteza. Anaanza tena kama mwanafunzi.

MJOMBA: Na yule wa Corsa?

BINTI: Uwezekano mkubwa atalipwa. Ama kampuni ya Shemeji italazimika, ama ile MIB, chombo ambacho makampuni ya bima yalikiunda mwaka 1946 kwa ajili ya waliogongwa na wasio na bima. Wakishamlipa watamgeukia Shemeji awarudishie.

Katika mabishano yote ya magari niliyosikiliza, hapa ndipo penye uzito kwa watu wetu, maana kazi ya vifurushi na chakula imewapokea wengi wa wageni wapya, na programu inayokupa kazi si lazima ikukague bima kwa kina. Kodi ya Corsa ilionekana kwa sekunde tano kwenye simu. Bima ya aliyekuwa anaikagua haikuwa imesomwa tangu siku ya kununuliwa.

MJOMBA: Aseme alikuwa anakwenda kwa mama mkwe. Mama mkwe si yupo Reading?

BINTI: Mjomba, hapo sasa ni udanganyifu, na programu ya vifurushi imeandika kila mlango aliosimama na dakika yake. Aende polisi, aseme lililotokea. Kesho asubuhi aipigie kampuni, aseme vilevile. Akiulizwa alikuwa anafanya kazi gani, ajibu. Kabla ya kuongea zaidi na bima atafute ushauri, Citizens Advice hawatozi kitu. Na asibebe kifurushi kingine mpaka bima ibadilishwe.

SHEMEJI: Na kodi ya yule bwana, niwaambie polisi?

BINTI: Namba za gari utawapa. Kodi wataiona wenyewe.

MJOMBA: Mimi bado nasema sheria ya hapa inawabembeleza wasiolipa.

MAMA MKUBWA: Mjomba, mpe Shemeji koti lake, imebaki saa moja na nusu.